Majiko Manane

Fundi wa vipimo alikufa Jumatatu, saa kumi na moja kasoro dakika nane jioni, ukumbi wa juu wa mtambo wa nyuklia ulipolipuka naye akiwa ndani. Kesho yake polisi walimkamata fundi wa kulehemu, jina lake kazini Cheche. Ushahidi wao ulikuwa mtungi mmoja wa gesi uliokutwa ukumbini. Leo ilikuwa siku yake ya kumi na moja rumande. Saa kumi alasiri mwendesha mashtaka angempeleka mahakamani kwa kosa la kuua bila kukusudia, na kosa hilo lilikuwa na miaka kumi na mitano ndani yake.

Mpelelezi kutoka makao makuu alifika kituoni saa mbili asubuhi akaomba mzani.

"Mzani wa nini, afande?" sajini aliuliza.

"Wa kupimia."

"Tunao ule wa kupima mahabusu wanapoingia."

"Huohuo."

Waliubeba wakauweka uani, juu ya sakafu iliyonyooka. Mpelelezi aliuburuta mtungi kutoka chumba cha vielelezo na kuupandisha mwenyewe. Ulikuwa na masizi begani, lakini koki yake ilikuwa imefungwa.

"Mliupima huu?"

"Tuliupiga picha, afande. Pande zote nne."

"Picha haina uzito. Soma shingoni pameandikwa nini."

Sajini aliinama. "Mtungi mtupu kilo kumi na tano. Gesi kilo kumi na tano."

"Na mzani?"

"Ishirini na saba na nusu."

"Toa uzito wa mtungi mtupu."

Sajini alihesabu kwa midomo. "Kumi na mbili na nusu."

"Kwa hiyo gesi iliyotoka ni kilo mbili na nusu. Cheche alikuwa anakata vyuma vya ngazi siku ngapi?"

"Mbili."

"Basi alizitumia kazini. Ukumbi umeng'oka paa zima, sajini. Paa linang'olewa na gesi iliyotoka, siyo na gesi ambayo bado iko mtungini."

"Labda ilivuja kidogo tu, afande."

"Kidogo ni ya kukaangia yai."

Kwenye benchi la mapokezi alikaa mke wa Cheche, mja mzito wa miezi minane, na mfuko wa nguo safi mapajani. Alipomwona mpelelezi akitoka uani alisimama kwa kujishika ukuta.

"Mzee, mume wangu anatoka leo au ndiyo anaondoka?"

"Sijui bado, mama. Kaa."

"Nimekaa siku kumi na moja." Hakukaa. "Kaka yangu ndiye aliyewaonyesha mtungi. Kaka yangu wa tumbo moja, mkuu wa zamu pale mtamboni. Aliwaambia, 'Huu ni wa shemeji yangu, lakini siwezi kuficha.' Wakamsifu kwa uaminifu."

"Mume wako anasemaje?"

"Anasema alifunga koki. Anasema akienda msalani huwa anarudi njiani kuhakikisha kama ameifunga. Ni kweli, hata nyumbani anatuchosha na jiko."

Mpelelezi aliandika hayo yote, na la jiko pia, akaondoka.

*

Mtamboni alipokewa na mhandisi wa mafuta, mwanamke mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi. Mafuta yake hayakuwa petroli. Yalikuwa yale yanayowekwa ndani ya fimbo na kuutia mtambo joto. Alimvalisha mpelelezi suti ya karatasi nzito, glavu mbili mbili na barakoa, kisha akambandika kifuani kipimo kidogo cha mionzi.

"Tuna dakika kumi na tano. Hiki kikilia tunashuka, hata kama umeona muujiza."

Walipanda ngazi mia na tisa. Juu hapakuwa na paa. Mabamba ya dari yalikuwa yamerushwa nje, mengine yakifika maegesho ya magari, na nguzo za juu zilikuwa zimepinda kwenda nje. Mpelelezi alitazama juu kwa muda mfupi, kisha akapiga magoti na kuanza kukagua sakafu.

Makopo ya rangi yalikuwa yamesimama kwa mstari, vifuniko vikiwa mahali pake. Chini ya meza kulikuwa na tambara ambalo halikuungua hata ukingo.

"Gesi ya mtungi ni nzito au nyepesi?" aliuliza.

"Nzito. Ikivuja inalala chini kama maji yaliyomwagika. Ikiwaka, inaanzia miguuni."

"Hapa miguuni pamepona."

"Na kichwani hapajabaki kitu," mhandisi alisema. "Nilimwambia sajini wako. Aliniambia mtungi haudanganyi."

"Haudanganyi, ila hakuna aliyeuuliza. Nieleze, lakini nieleze kama mtu aliyeishia darasa la saba."

"Uliishia la saba?"

"La sita. Endelea."

Mhandisi alielekeza kidole chini, mahali ulipokuwa mtambo wenyewe nyuma ya zege.

"Fimbo za mafuta zimevikwa ganda la metali inayoitwa zirkoni. Zikiwa zimezama majini hakuna neno. Siku ile umeme ulikatika, pampu zikasimama, maji yakachemka na kupungua. Ukiuzima mtambo, moto wa ndani haukatiki palepale. Fimbo zilibaki wazi, joto likapanda. Likifika nyuzi kama elfu moja na mia mbili, lile ganda linaanza kuunyang'anya mvuke oksijeni yake. Mvuke ni maji, na maji ni oksijeni na haidrojeni zilizooana. Metali ikimchukua mmoja, mwingine anaachwa mjane."

"Mjane anakwenda wapi?"

"Juu. Haidrojeni ni nyepesi kuliko gesi zote. Haina rangi, haina harufu. Inapenya penye upenyo, inapanda mpaka ikutane na dari. Na ule unyang'anyi wenyewe unatoa joto, joto linauongezea kasi. Ukianza, unajichochea."

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyeleta gesi humu."

"Hakuna. Mtambo uliipika wenyewe, kwa maji yake."

Mpelelezi alitoa daftari. "Redio ya marehemu ilirekodiwa. Neno lake la mwisho ni 'kumi na moja'. Polisi wameandika kwamba alitaja saa."

Mhandisi alisimama. "Alipanda huku na kipimo cha gesi mkononi, kwa sababu kile cha ukutani kilizimika na umeme. Mtu wa namna hiyo hatangazii watu saa."

"Alisoma kipimo?"

"Kumi na moja katika mia. Ikipita nne inaweza kuwaka. Ikikaribia kumi haiwaki tena, inapasuka. Umeme ukarudi, feni ya darini ikajiwasha. Cheche moja ndogo ya swichi inatosha."

"Usiseme cheche. Kuna mtu ndani kwa jina hilo."

Mhandisi alicheka ndani ya barakoa, kisha akaomba kalamu. Alipiga hesabu juu ya goti lake. Ukumbi ulikuwa mita ishirini kwa kumi na mbili, kwenda juu nane. Sehemu kumi na moja katika mia za ukumbi huo zilikuwa mita za ujazo mia mbili na kumi za haidrojeni. Kilo moja ya zirkoni ikiungua yote hutoa karibu nusu mita ya ujazo.

"Kilo mia nne na ishirini za ganda zimeliwa," alisema. "Ni makadirio, lakini siyo ya kubahatisha."

"Maji yalikuwa chini muda gani?"

"Haupungui saa moja. Kitabu cha zamu kinasemaje?"

"Dakika kumi na mbili."

Alimrudishia kalamu. "Kwa dakika kumi na mbili fimbo hazijapata hata joto la kuanzia. Ungepata gesi ya kujaza puto la mtoto."

Mpelelezi alikuwa ameshaanza kutazama kuta. Karibu na pale dari lilipokuwa, visanduku vya bati vilikuwa vimefungwa ukutani, viwili kila upande. Jumla vinane.

"Vile ni vya nini?"

"Ndilo linaloninyima raha. Ndani yake kuna vibati vilivyopakwa platini. Haidrojeni ikivigusa inaungana tena na oksijeni ya hewani, inarudi kuwa maji. Havitaki umeme, havina swichi, vinafanya kazi vyenyewe. Vingekuwa vimefanya kazi, kipimo kisingepita tatu. Kwenye karatasi vinaitwa viunganishi. Mafundi wanaviita majiko, kwa sababu vikifanya kazi vinapata moto."

Kulikuwa na ngazi ya chuma iliyobaki imara. Mpelelezi alipanda mpaka kwenye kisanduku cha kwanza. Rangi mpya ya ukuta ilikuwa imekatika kwa mstari ulionyooka kukizunguka, na hata kichwa kimoja cha skrubu hakikuwa na tone. Pembeni palibaki ukanda wa gundi ya tepu. Mdomo wa chini wa kisanduku, pale hewa inapoingilia, ulizibwa na kitu kama utando wa maziwa yaliyopoa. Alikikwaruza kwa kisu, akakitia kwenye bahasha. Nailoni iliyoyeyuka.

Alihamia cha pili, cha tatu na cha nne. Vyote sawa. Alipoweka mguu kwenda cha tano, kipimo kifuani kikalia.

"Chini," mhandisi alisema.

"Vimebaki vinne."

"Nitapanda mimi kesho nivipige picha. Shuka, baba."

*

Msimamizi wa wapaka rangi, jina lake kazini Brashi, alikuwa nyuma ya ghala akiosha vifaa kwa dizeli. Vijana wake wawili walikuwa hospitali. Waliunguzwa wakiwa ngazini, wakishuka baada ya kuchoka kungoja umeme urudi.

"Nataka habari za majiko," mpelelezi alisema.

"Mzee, mimi la kwanza limenishinda. Sitafuti la pili."

"Ya ukutani."

Brashi aliacha kucheka. "Yale tuliyafunika vizuri. Hakuna hata tone la rangi lililoingia."

"Nimeona. Nani alikwambia uyafunike?"

"Hakuna aliyesema nifunike. Walisema nizime." Alifungua sanduku lake la vifaa na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye alama za vidole vyeupe. Ilikuwa imepigwa chapa, na chini kulikuwa na saini.

*Kwa wapaka rangi wote. Majiko yote yaliyomo ukumbini yazimwe kabla makopo ya rangi hayajafunguliwa. Mkuu wa zamu.*

"Tukamuuliza fundi mmoja wa mtambo, majiko yapi? Akanyoosha kidole, akasema majiko ni yale pale juu, akapita zake. Tukapanda, tukatafuta swichi. Hakuna. Waya hakuna. Sasa jiko lisilo na swichi unalizimaje, mzee? Unaliziba hewa. Nailoni, tepu, kwisha kazi. Hata mama yangu angefanya hivyo."

"Yote manane?"

"Tangazo linasema yote."

"Na chai mlikuwa mnachemshia wapi?"

"Palepale ukumbini. Kona ya nyuma, tulikuwa na kale ka umeme."

"Hako mlikazima?"

Brashi alisugua brashi moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kale siyo jiko, mzee. Kale ni koili."

Mpelelezi aliichukua karatasi kwa ncha za vidole, akaitia kwenye bahasha ya pili, akamwandikia Brashi risiti.

"Kwani tulikosea?" Brashi aliuliza.

"Mlitii."

"Wale vijana wangu, mmoja ni mtoto wa dada yangu. Nitamwambia nini dada?"

"Mwambie ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

*

Mkuu wa zamu alimpokea saa nane na nusu. Ofisi yake ilikuwa safi, kalamu zimepangwa kwa urefu. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, na alimvutia mgeni kiti kabla hajakaa yeye.

"Maji yalikuwa chini ya fimbo muda gani?" mpelelezi aliuliza.

"Kitabu kinasema dakika kumi na mbili."

"Sijakiuliza kitabu."

"Mimi ndiye niliyekiandika."

"Ndiyo maana nimekuja kwako." Alilaza mezani karatasi ya hesabu ya mhandisi. "Mita mia mbili na kumi za haidrojeni. Kilo mia nne na ishirini za ganda. Hii nayo ni kama kitabu, ila hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuifuta."

Mkuu wa zamu aliisoma mpaka chini, akarudi juu, akaisoma tena.

"Hii ni kumi na moja ya nani?"

"Ya marehemu. Alikusomea kwa redio."

"Nilidhani…"

"Hukudhani alitaja saa. Wewe ni mkuu wa zamu."

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli lenye gurudumu bovu. Walisubiri lipite.

"Saa moja na dakika ishirini," mkuu wa zamu alisema. "Jenereta ya akiba ilikataa kuwaka. Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule. Wiki moja kabla nilikuwa nimetia saini kwamba imetengenezwa."

"Ilikuwa imetengenezwa?"

"Kipuri hakikuwa kimefika. Nilijua kingefika."

"Fundi wa vipimo, kabla hajapanda, alikuuliza maji yalikuwa chini muda gani?"

"Alikuwa mtu wa kuuliza."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Ungemwambia themanini?"

"Asingepanda. Angefungua kwanza matundu ya paa kwa mnyororo, kutoka nje. Gesi ingetoka. Angekaa uani akanywa maji, akasubiri." Alinyoosha kalamu moja iliyokuwa imenyooka tayari. "Tulisoma ufundi pamoja. Yeye ndiye aliyenifundisha ule mnyororo."

"Na shemeji yako?"

"Mtungi ulikuwepo kweli."

"Hakuna aliyesema haukuwepo."

"Nilijua wangemshika siku mbili, wapime mtungi, wamwachie. Sikujua kwamba hawatapima."

"Siku ya tatu ungekwenda kuwaambia wapime."

Mpelelezi alitoa bahasha ya pili na kuiweka juu ya meza, tangazo likionekana kupitia plastiki.

"Hili ni lako?"

"Langu. Walikuwa wanachemsha chai karibu na rangi. Ningewaacha wangeteketeza jengo. Nikaandika wazime." Ilimtoka kama mtu aliyepata mahali pa kusimama. "Hilo nilifanya sawasawa."

"Uliandika majiko."

"Ningeandika nini? Jiko ni…"

Macho yake yalikwenda ukutani kwake, juu, kwenye kona isiyo na kitu.

"Waliziba majiko?"

"Kwa nailoni. Yote manane."

Mkuu wa zamu alifungua kifungo cha shingoni.

"Sisi ndio tuliyapa jina hilo," alisema. "Ni miaka kumi na mitano sasa. Hata kwenye mafunzo tunasema majiko. Mimi mwenyewe, asubuhi na jioni, kagua majiko, kagua majiko. Nilipokaa kuandika lile tangazo hayakunijia hata kidogo. Niliona koili tu."

"Kwa hilo sikukamati. Kuchanganya neno siyo jinai. Nakukamata kwa saini ya jenereta, kwa kitabu, na kwa ile kumi na mbili uliyompa mwenzako. Andika kwa mkono wako. Anzia umeme ulipokatika."

Aliandika kurasa tatu, kwa mwandiko mzuri, bila kufuta. Ilipofika saa tisa na nusu mpelelezi alichukua simu ya mezani.

"Sajini, mfungulie Cheche."

"Afande, mwendesha mashtaka yuko njiani, na fomu ya kumtoa lazima…"

"Nakuja na fomu. Na nakuja na mtu."

*

Waliingia kituoni Cheche akiwa kaunta anahesabiwa vitu vyake: mkanda, saa, kibiriti cha kuwashia bomba la kulehemu. Mke wake alikuwa amesimama pembeni yake amemshika mkono wa shati. Aliona kwanza mpelelezi, kisha aliyekuwa nyuma yake.

"Umekuja kumchukua shemeji yako, kaka?"

"Hapana, dada."

Alimtazama sajini akivuta daftari jipya na kuandika jina la kaka yake juu kabisa.

"Jumapili ulikula kwangu," alisema. "Ukasema chumvi imezidi."

"Dada…"

"Twende nyumbani," alimwambia mumewe.

Cheche alimpita shemeji yake kwa karibu. Alifunga mkanda wake, akatoka.

Mpelelezi alikaa kwenye meza ya sajini kumalizia taarifa. Ilikuwa kurasa nne, na ya mwisho ilikuwa ya hasara. Aliijaza kwa kalamu ya bluu.

Mabamba ya paa, arobaini na sita. Fimbo za mafuta zilizoharibika, mia moja na kumi na nane, na hakuna aliyeweza kumwambia zitatolewa lini. Kaya zilizohamishwa, mia mbili na sita, kwa siku nane. Visima vilivyofungwa mpaka vipimwe, vitatu. Wapaka rangi walioungua, wawili: mmoja mikono yote miwili, mmoja uso na sikio la kushoto, ambalo halitasikia tena. Fundi wa kulehemu, siku kumi na moja rumande na jino moja la mbele, lililong'oka usiku wa kwanza. Mkuu wa zamu, miaka ishirini na miwili ya kazi.

Fundi wa vipimo, mmoja. Umri miaka hamsini na mitatu. Mke mmoja, watoto watatu, mama mzazi ambaye bado yu hai.